Wembe Mumoja kwa Vichwa Vyote

Ndui ilipopanda milima yetu ya Masisi, mimi nilikuwa bibi wa juzi-juzi, na mutoto wangu wa kwanza alikuwa angali kifuani. Watu wa kilima walikuwa wamekwisha kupatana. Mugonjwa alale ngambo ya kijito, katika nyumba ya majani. Chakula kiwekwe juu ya jiwe, muletaji arudi nyuma kwanza. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, isinywewe tena kwa kupokezana murija. Na mufu azikwe haraka, kila nyumba ijinyolee vichwa vya kilio kwake yenyewe. Wanaume walilinda njia kwa zamu. Tulijipangia wenyewe, maana dawa ya kuchanja iliisha Sake mbele ya kutufikia.

Homa iliponishika, nilimutoa mutoto kwa jirani yangu, ambaye naye alikuwa ananyonyesha. Alisimama mbali.

«Muweke pale chini, dada. Usimulilie.»

«Atakukausha. Iko mulafi sawa baba yake.»

«Anyonye tu! Huyu wangu iko muvivu, ataiga mwenzake.»

Nikacheka, nikavuka kijito. Kule alituhudumia mama muzee mwenye makovu ya ndui ya zamani, ambaye ugonjwa haungemurudia tena. Kila asubuhi jirani alipaza sauti toka ngambo: «Amenyonya!» Hiyo njo ilikuwa dawa yangu. Vidonda vilinifunga macho, lakini masikio yalikuwa wazi.

Kisha babamukwe akafa kwa ndui hiyo hiyo, wakamuzika upesi vile tulipatana. Kaka mukubwa wa bwana yangu hakuridhika. Kwetu, anayewanyoa watu wa ukoo baada ya kilio njo anakamata kilima. Kila nyumba ikijinyolea, nani atajua kama yeye njo mukubwa?

Na kapita, musimamizi wa kazi ya barabara, akamufungulia mulango. Aliwakusanya walinzi wa njia, bwana yangu kati yao, wakapasue mawe upande wa Walikale. Walimwambia njia itabaki bila muntu. Akajibu: «Ndui haijengi barabara.»

Njia ikabaki wazi, ukoo ukapita kwenda kilioni. Baadaye jirani alinieleza namna kaka huyo alifika kwake kumuchukua mutoto.

«Papa, huyu nilipewa nimuchunge.»

«Ulipewa kumunyonyesha. Hukupewa ukoo.»

«Basi umunyolee hapa, kwangu.»

«Hapa ni kwa babu yake?»

Akamubeba. Waliwanyoa wote kwa wembe mumoja, ndani ya nyumba ile ile ambamo mufu alikuwa amelala. Mutoto alipita mikono kwa mikono, na murija ukapita kinywa kwa kinywa. Kaka alipotaka kumurudisha mutoto, jirani alikataa, kwa ajili ya mutoto wake mwenyewe. Simulaumu hata leo. Wangu akabaki kwa baba yake mukubwa, wakamupa maziwa ya ngombe.

Mimi sikujua. Asubuhi iliyofuata nilingoja sauti, haikuja. Nilifikiri jirani amechoka. Siku zikapita hivyo, nikaanza kuona tena kidogo, na njo wakamuleta mutoto, vipele vimejaa mupaka katika nyayo. Nilikuwa ninamutamani kila siku, na hivi njo walinirudishia. Alitafuta kifua, akanyonya kwa nguvu, lakini hakukuwa na kitu. Mama muzee alimutilia uji kwa kidole, ukatoka. Akatufia mikononi mwetu.

Watu wanasema ni ndui iliniulia mutoto. Mimi ninasema ni kaka yule, aliyetaka ukubwa, na kapita yule, aliyetaka mawe. Wa kwanza angali anakaa kanisani kwenye benchi ya mbele, na akinikuta njiani ananiambia Mungu alipenda. Wa pili alipewa baiskeli kwa ajili ya barabara yake.

Bwana yangu aliporudi alinikuta ninapalilia maharagi, uso umetoboka kwa makovu. Alinizunguka pole pole, akatazama mugongo wangu, halafu akatazama chini ya migomba ambako wanawake hulaza watoto. Aliokota jembe la pili, akaanza mustari kando ya wangu.