Ndoo Tupu ya Mwalimu Mwanaidi

Juzi nilisikiliza wanafunzi wakishindana kwa hotuba huko Ngamiani. Mmoja alipiga kelele mpaka spika zikakoroma, nami nikaikumbuka mashine ya kusaga ya Makorora.

Nilipokuwa mwanafunzi, Mwalimu Mwanaidi alinipeleka huko mchana mmoja, amebeba ndoo tupu. Kesho yake nilitakiwa kuwaomba wazazi wachangie unga wa uji wa shuleni, maana wenzangu walikuwa wakisinzia darasani kwa njaa. Nilidhani Mwalimu amesahau mahindi yake nyumbani.

Palinukia dizeli na pumba za moto. Akina mama walikuwa kwenye foleni, wengine wameshasagiwa, kanga zao zimejaa vumbi la unga.

"Haya, waombe hawa," Mwalimu akaniambia.

Nikapaza sauti. Mashine ikanishinda.

"Mwanangu, wauza samaki?" mama mmoja akanitania, wote wakacheka.

Mwalimu akaninong'oneza, "Huyo huyo aliyekucheka, mtazame usoni. Zungumza naye peke yake."

Nikamsogelea. Nikamweleza jinsi Asha, ninayekaa naye dawati moja, anavyolaza kichwa kila ikifika saa nne.

"Asha yupi? Huyu wa jirani yangu?" Hakucheka tena. Akamwashiria mwenye mashine azime.

Pakawa kimya. Nikaanza upya, taratibu, na mara hii wakasikia wote. Yule mama akachota unga wake, akaumimina kwenye ndoo ya Mwalimu. Wenzake wakafuata.

Tuliibeba wawili ndoo ile kurudi shuleni, imejaa pomoni, nami njia nzima nikimhurumia Mwalimu kwa kusahau mahindi yake.