Fundi wa intaneti anayeuliza kwanza kahawa imelala wapi

Saa mbili asubuhi, Kigonsera. Edina Ndunguru anateremka kwenye bodaboda, anajikung'uta vumbi, anamwamkia mwenye nyumba. Kisha, badala ya kuuliza ruta iko wapi, anauliza kahawa imelala wapi.

"Umekuja kutengeneza intaneti au kununua kahawa?" anamjibu Mama Hildegardi Kinunda, mkulima na mjane, bila kutabasamu.

Ana sababu ya kununa. Leo saa nane mchana binti yake Emerensiana, mhudumu wa zahanati, anafanya mtihani wa mwisho wa stashahada ya uuguzi kwa njia ya mtandao. Mwaka jana mtihani huohuo ulikatika katikati, akahesabiwa ameshindwa. Chuo kimempa nafasi hii moja tu. Na tangu juzi intaneti ya nyumba hii inakuja na kupotea.

"Na ruta yenyewe aliifunga huyuhuyu," anasema mama, akimwonyesha Edina kwa kidevu.

Edina hakatai. Ana miaka 34, mzaliwa wa Mkumbi. Alianzia kwenye kibanda cha kutengeneza simu Mbinga mjini, na huu ni mwaka wa sita anazunguka na mkoba wake kutoka Namswea hadi huku, akihudumia walimu, wauguzi na wakulima. Hutoza shilingi elfu kumi na tano kwa nyumba, na bodaboda hula karibu nusu.

Wengi wetu tungeizima ruta, tukaiwasha, kisha tukailaani kampuni. Edina anaiunganisha simu yake na ruta na kuanza kutembea polepole. Nje, chini ya dirisha la chumba cha ndani, alama za mtandao zimejaa. Sebuleni inabaki moja, nayo inatoweka.

"Ruta ni nzima," anasema. "Mama, naomba ufunguo."

Chumba kinapofunguliwa, hata kiti hakiingii. Magunia ishirini na matatu ya kahawa yamepangwa hadi karibu na dari. Ruta iko nyuma yake, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Huku kahawa ikishakauka kwenye vichanja huingizwa chumba chenye kufuli mpaka siku ya kuuzwa. Kitu kingine chochote cha thamani kikifika nyumbani, nacho huwekwa humohumo.

"Niliiweka pale mwenyewe mwaka jana mwezi wa nne, chumba kikiwa kitupu," anasema Edina. "Nikapima, ikakimbia vizuri, nikaondoka. Mimi mtoto wa wakulima wa kahawa nikasahau kuuliza mavuno yatakaa wapi. Mawimbi hayapiti kirahisi kwenye rundo kama lile."

Daftari lake ndilo lililomfumbua macho. Huandika tarehe ya kila lalamiko, na alipolipitia juzi jioni aliona simu humiminika Julai hadi Septemba. Novemba, kahawa ikishauzwa, kimya. Wateja walidhani kampuni imerekebisha mambo, naye alidhani hivyohivyo.

"Siku ile sikula," anasema. "Nilimkumbuka Emerensiana na mtihani wake wa mwaka jana."

Mama Hildegardi anasema wazi kwamba magunia hayatoki. Edina habishani naye. Anapanda rundo kwa tumbo, anarudi na ruta, kisha anaingia darini kuvuta waya wa antena ya paani hadi sebuleni. Palipo juu, wazi na katikati ya nyumba ni mahali pamoja tu: rafu ya Bikira Maria.

"Hapo hapana," anasema mama.

"Simwondoi, mama. Naomba asogee kidogo kulia. Na ruta tusiifunike, hupata joto."

Mama anafikiri. Anafanya ishara ya msalaba, kisha anaisogeza sanamu kwa mikono yake mwenyewe.

Saa sita kazi imekwisha. Mafundi wengi huondoka taa ya kijani ikiwaka. Huyu anampigia mteja wa Namswea kumwomba radhi, kisha anaketi barazani kusubiri mtihani uishe. Fundi wa namna hii ni wa kuheshimiwa.

Saa kumi na dakika tano mlango unafunguka.

"Imekwenda mpaka swali la mwisho, dada," anasema Emerensiana, na machozi yanamtoka. Matokeo yatakuja baadaye, lakini safari hii atahukumiwa kwa alichokiandika.

Mama Hildegardi analeta fedha. Edina anazirudisha kwa mikono miwili. "Ya leo ulinilipa mwaka jana, mama."

Kabla ya mavuno yajayo anataka kuzipitia upya, kwa nauli yake, nyumba zote arobaini na moja alizowahi kufunga ruta.

"Wapo wanaonipigia kila msimu, hao nawajua," anasema akifunga mkoba. "Wengine walipiga mara moja, wakakata tamaa, wakanyamaza. Nitaanza na hao."