Boksi la Verlene

Binamu yangu Verlene Tuggle aliimba miaka tisa katika studio ya Bwana Hargis, hapa kwetu Alabama, na hakuna redio iliyowahi kumtaja. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Kabla nyota hajaja kurekodi, Verlene aliuimba wimbo wake kwanza, akalia pa kulia, akanyamaza pa kunyamaza. Nyota akasikiliza, akaiga. Kisha mimi, mshika mitambo, nikarekodi kitu kingine juu ya sauti ya Verlene, maana Hargis ni bahili wa tepu. Boksi lenye jina lake lilimaanisha jambo moja: hili futa.

Mara ngapi nilimwambia aende Memphis? Alinicheka tu. "Nikiondoka, nani atawafundisha hao wanaoimbia puani?"

Machi ya mwaka sitini na tisa alianza kukohoa. Mama yake, shangazi Beulah, alisema mbele ya kanisa zima kwamba Mungu hudai alichotoa, na binti aliyeacha nyimbo za dini atadaiwa. Nilimchukia shangazi siku hiyo. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na leso ya Verlene nilikwisha kuiona ina damu.

Daktari akasema watampasua koo Jumatatu. Sauti haitarudi.

Ijumaa alikuja studio na mzee Lonzo, mpiga kinanda.

"Otha, leo simtangulii mtu. Huu wimbo ni wangu."

"Na koo je, dada?"

"Koo wanalichukua Jumatatu. Leo bado langu. Washa."

Aliimba mara moja tu. Sauti ilikatika mara mbili, na palipokatika ndipo nilipolia. Lonzo alivua kofia.

"Niwekee," Verlene akasema. "Nikipona nataka kujisikia."

Nikaweka tepu kwenye boksi, nikaandika juu yake kama nilivyozoea miaka yote: VERLENE.

Jumatatu nilishinda naye hospitali. Niliporudi studio, Hargis alikuwa amesharekodi mtu mwingine juu ya tepu ile.

"Unanitolea macho ya nini?" akaniuliza. "Si umeandika mwenyewe?"

Wiki tatu niliomba asipone haraka. Mungu anisamehe, niliomba hivyo kweli.

Akaja, kitambaa shingoni, akavuta kiti, akanyoosha kidole kwenye mtambo. Nikamwambia yote. Alilishika lile boksi, akautazama mwandiko wangu kwa muda mrefu. Halafu akachukua kalamu, akaandika chini ya jina lake: *Basi leo tangulia wewe.*

Nina sauti ya msumeno. Niliimba. Kila nilipopita haraka pale sauti yake ilipokatika, alinigonga goti, nikarudi nyuma nikaanza upya.