Mzee wa Ndevu na Mwanamke wa Farasi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa mama mtaupata umekolezwa. Nilipokuwa na miaka tisa nilimtoa mzee mwenye ndevu katika tundu lake, nikamtia humo mwanamke aliyepanda farasi bila ya nguo, kisha nikakaa kwenye zulia la majlis, chumba chetu cha wageni, nikingoja Babu amtoe mbele ya mgeni. Ndo hivyo tu. Sikuiba, sikuvunja. Nilihamisha vipande viwili vya shaba.

Yamenirudia wiki iliyopita, maabara ya skuli. Tulikuwa tukisugua vipande vya shaba kwa msasa, harufu ikanishika vidole: kama ufunguo wa zamani, kama maji ya bomba lililofungwa kiangazi kizima. Wenzangu waliandika matokeo. Mimi nilikuwa nshafika Ansab, nyumbani kwetu Maskati, Ijumaa baada ya sala, kiyoyozi kinanguruma na ubani wa asubuhi umeganda kwenye mapazia.

Babu, baba yake mama, alikuwa akikusanya tokeni za Kiingereza. Hizo si sarafu za serikali. Zamani sana huko Uingereza chenji zilikuwa haba, basi wenye maduka na wenye migodi wakajipigia za kwao za shaba, kila mmoja na picha aliyoipenda: meli, kanisa, fahali, kitanda cha mfumi. Babu alizinunua moja moja alipoishi kule ujanani, baada ya kutoka Unguja na kabla ya kufika Maskati. Siku za kazi alikuwa kiwanda cha mikate, Jumamosi akizunguka minadani penye vitu vikuukuu. Wenziwe walikuja huku na makoti ya baridi, ambayo Maskati utayavaa wapi, yeye akaja na sanduku la mbao lenye trei ya mahameli ya kijani na matundu ishirini na nne.

Raha yake ilikuwa kuzipa daraja. Madaraja yenyewe aliyatunga mwenyewe: Safi, Nzuri, Imetumika, na la mwisho, nililolipenda kuliko yote, Imechoka. Nikaanza kuwapa watu. Mwalimu wetu wa hesabu, Imechoka. Gari ya jirani, Imechoka. Babu alinifundisha kwamba shaba huanza kulika pale palipoinuka, yaani pua, shavu, goti la farasi, na hapo ndipo pa kutazama kwanza. Halafu kulikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: tokeni hushikwa ukingoni, kwa ncha za vidole viwili. Uso hauguswi. Jasho la kidole huila shaba. Siku niliyougusa nilipata kibao cha mkono ambacho mimi ningekipa daraja la Safi.

Tundu la kwanza lilikuwa la mzee mwenye ndevu, amejifunika joho mpaka kichwani na majani yamemzunguka. Huyo alikuwa fahari ya sanduku zima. Tundu la mwisho lilikuwa la yule mwanamke. Kisa chake ni kwamba alipita mjini hivyo hivyo ili watu wake wapunguziwe kodi, lakini marehemu bibi hakutaka kusikia habari za kodi. Aliamuru alazwe kifudifudi. Bibi akafa, mwanamke akabaki kifudifudi.

Mgeni wa siku ile alikuwa Mzee Khalfan, mstaafu wa wizara, Muomani aliyezaliwa Tabora, na Babu alimtania kwa Kiswahili chake cha bara tangu walipojuana. Maskati nzima wenye ugonjwa huu wa tokeni hawajazi meza moja ya chakula, na wote walimletea Babu tokeni zao azipe daraja. Likishatoka neno la Babu, khalas, hakuna wa kulipinga. Bila ya neno lile, Babu alikuwa mzee mwengine tu wa kunywa kahawa Ansab. Hilo mimi sikulijua. Mimi nilijua kwamba Mzee Khalfan alikuwa mtu wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kwamba uso wake akimwona yule mwanamke ungekuwa kitu cha kusimulia skuli mwezi mzima.

"Bwana Nasor," akasema, akitoa kibahasha mfukoni, "nami nimempata mzee wangu wa ndevu, kwenye mtandao. Niambie ukweli, nimepigwa ama sikupigwa?"

"Wewe wamwonaje?" Babu akauliza. Ndo ulikuwa mtindo wake, kama mwalimu. Hakupi daraja mpaka wewe useme kwanza.

"Mimi naona safi kabisa."

"Nyinyi watu wa bara kila kitu safi kabisa." Babu akacheka. "Ngoja tumlaze na wangu tuwalinganishe."

Mkono wake ukenda moja kwa moja kwenye tundu la kwanza. Akaitoa tokeni kwa ukingo, akaielekeza dirishani, lenzi jichoni, kama siku zote. Mimi nikauma mto.

"Mtazame huyu," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa mapenzi. "Ndevu zahesabika moja moja. Na tazama joho lilivyomkaa kifuani."

Mzee Khalfan akatazama. Akanitazama mimi. Akatazama tena.

"Naam," akasema polepole. "Joho... limemkaa."

Wallahi nilipasuka. Nilicheka mpaka nikaanguka ubavu, machozi yananitoka. Babu hakuuliza nacheka nini. Aliteremsha lenzi. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya: akaweka kidole gumba juu ya uso wa tokeni, akakipitisha taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Farasi," akasema.

Na mimi, kwa furaha ya aliyemkamata mwizi, nikapiga kelele: "Babu! Umeshika uso! Umeshika uso!"

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa.

"Tangu lini, Bwana Nasor?" Mzee Khalfan akauliza.

"Ramadhani iliyopita nilikuwa bado nnaona kivuli," Babu akajibu. "Matundu nnayajua kwa moyo. Nilidhani yatanitosha."

Mzee Khalfan akainama, akaufungua mkono wa Babu, akatia humo tokeni yake mpya.

"Basi na huyu mguse. Mimi bado nataka neno lako."

"Nitamharibu."

"Ni wangu. Mharibu."

Babu alimgusa muda mrefu, amefumba macho. "Pua imeondoka," akasema mwisho. "Ndevu zipo, upande mmoja. Imetumika, Khalfan. Umepigwa kidogo."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nimepigwa sana."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikaona kuwa mzaha wangu haukuwemo katika kicheko kile.

Sasa nikikumbuka najiuliza vipi sikuona, mimi niliyekuwa na macho mawili mazima. Babu alikuwa akimimina kahawa na kidole kimo ndani ya kikombe. Ujumbe wa simu alitaka wa sauti tu, ati maandishi yanamchosha. Gari yake ilikaa uani mpaka ikawa rangi ya vumbi, ati kwa sababu ya joto. Na lile "wewe wamwonaje" halikuwa ualimu. Alikuwa akituazima macho, kwa adabu, bila ya sisi kujua tumempa. Sharti la kutogusa uso alilishika hata lilipokuwa linamfunga, na sanduku lile lilikuwa pahala pake pa mwisho alipokuwa akijua kila kitu kilipo. Mimi nikalivuruga ili nicheke.

Mzee Khalfan bado huja. Ile tokeni yake imeingia doa jeusi la kidole gumba, na huwaonyesha watu doa lile kabla ya ndevu. Na mimi kila Ijumaa hukaa ubavuni mwa Babu, natoa moja moja, namwambia shavu liko vipi, goti liko vipi. Kwa muda mrefu nilidhani ile ni adhabu yangu, na kwamba ni adhabu ndefu mno. Sasa nadhani mama alikuwa akinipa kazi ambayo hakutaka kumpa mtu mwengine.

Maana mchana ule aliniita jikoni. Nilijua ndara inakuja, nikajikinga kichwa kabisa. Akafunga bomba, akafuta mikono, akasema:

"Rudisha kila mmoja mahala pake. Yule mwanamke mlaze kifudifudi, kama alivyotaka bibi yako. Halafu kaa na babu yako, umwambie unachokiona, Haitham. Bila ya chumvi."