Besi ya Mashoto

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na wala sikuota. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii kuna mtu ananitazama kwa huruma, na huruma hiyo inanikera kuliko kuitwa mwongo. Mimi ni mwalimu. Siku ile nilitoka kufundisha, nikiwa na vumbi la chaki mikononi na akili zangu zote kichwani.

Mume wangu, Damiani, alitoka Songea kuja kufanya kazi bandarini Mtwara. Mwisho wa wiki alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi pale Magomeni, mlemle mjini Mtwara, lakini moyo wake ulikuwa kwenye roki, ile ya zamani ya Wazungu wenye nywele ndefu. Mabaharia walimpa magazeti yenye picha zao, akazikata akazibandika chumbani kwetu mpaka Bikira Maria nikakosa pa kumtundika. Ukiufunika uso wa mpigaji kwa kidole, ukamwachia gitaa tu, Damiani alikwambia ni la nani, alitengenezewa na fundi wa aina gani, na hata lilipochunika rangi.

"Hawa hawakununua dukani, mama Joakimu," alikuwa ananiambia. "Kila mmoja alichongewa la kwake, kwa kipimo cha mkono wake."

Naye akachongewa la kwake. Alikuwa mashoto, na magitaa yote ya bendi yalikuwa ya watu wa kulia. Fundi mmoja Mmakonde akamtengenezea kiwiliwili cha mninga na shingo ya mpingo, akapachika vidoa vya gamba la chaza shingoni. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Hapakuwa na jingine kama lile Mtwara nzima.

Alikufa katikati ya miaka ya tisini, malaria ilimpanda kichwani. Pale hospitalini nilimshika mkono wa kushoto mpaka ukapoa. Mkono ule naujua. Kidole cha kati kilipondwa na mnyororo bandarini, na ukucha wake ukaota umepinda kama mdomo wa kasuku.

Sasa sikia unyama wa watu. Matanga hayajaondolewa, turubai bado liko uani, akaja Sefu, kiongozi wa bendi, na vijana wake. "Shemeji, pole sana. Hili gitaa ni la bendi," akasema, akalibeba. Mimi nimekaa chini kwenye mkeka, nimefunikwa kanga, ningemkimbiza vipi? Baadaye nilimfuata mara nyingi. Kila mara alinikaribisha chai, akanipa pole upya, nikarudi mikono mitupu. Akageuza nyuzi ili yeye wa kulia aweze kupiga. Gitaa likakaa kichwa chini miguu juu, na watu wakadhani ni mbwembwe. Miaka ikapita, akaanza kutangaza kwamba alilichora mwenyewe na kuchongewa yeye. Jina la Damiani halikutajwa tena.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaja kijana kutoka Dar es Salaam aliyekuwa anazunguka kutafuta ala za bendi za zamani, anazipiga picha na kuandika zilikuwa za nani. Nikasikia Sefu atamwonyesha gitaa pale ukumbini kwa bendi jioni. Damu ikanichemka. Nikasema leo tutapasuana mbele ya mgeni.

Nilifika kabla yao. Wingu la mvua lilikuwa limetanda na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mambo ya kawaida kwetu siku zile. Mlinzi akafungua kufuli mbele ya macho yangu. "Ingia usubiri, mwalimu. Hamna mtu humo," akasema, akarudi getini kwenye kigoda chake.

Nikaingia. Kulikuwa na mtu jukwaani.

Alikaa kwenye kiti, kofia imeshuka usoni, gitaa la Damiani mapajani. Alikuwa anafungua nyuzi moja moja na kuzipanga upya. Nilidhani ni mpigaji mpya aliyelala humo. Nikamsalimia. Akamaliza, akakaza, akaligusa. Sauti ikatoka kwenye spika. Umenisikia? Umeme hakuna, spika imelala, na ile sauti nzito ikapita sakafuni ikanipanda magotini.

"Kaka, nani kakupa gitaa hilo?" nikauliza.

"Walizigeuza nyuzi," akasema. "Nazirudisha."

Akainua uso. Sikuujua. Ulikuwa uso wa kijana, mtu wa wapi sijui, hata sauti yake ilikuwa ngeni. Lakini alikuwa anapiga kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kati kilikuwa na ule ukucha uliopinda.

Unadhani nilikimbia? Wenzangu wote huniambia wangekimbia. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuipata, hata siku ya Sefu. Nilipanda jukwaani nikasimama mbele yake.

"Damiani! Joakimu amekuwa mrefu kunipita. Mdogo wake hakukujua kabisa. Umetuacha miaka yote hii, leo umerudi, na umekuja kwenye ukumbi wa dansi? Nyumbani hukupaona?"

Akaendelea kupiga.

"Watoto wako huwaulizi?"

Akainamisha sikio kwenye gitaa, kama alivyokuwa akifanya akisikia uzi mmoja haujakaa sawa. "Huu wa chini umelegea," akasema, akaukaza. Basi. Neno jingine sikulipata. Nikanyoosha mkono nimshike, nikashika mgongo wa kiti. Gitaa lilikuwa limelala juu ya kiti peke yake, na nyuzi zake bado zinatetemeka.

Ndipo Sefu akaingia na mgeni wake, anacheka. Alipoliona gitaa kicheko kikakatika. Mgeni hakujua lolote. Akamwomba apige kidogo. Sefu akalipakata, vidole vikapotea kama vya mtu anayejifunza.

"Nani kageuza nyuzi?" akafoka. Mlinzi akaapa hakuna aliyeingia ila mimi, na mimi uzi wa gitaa sijui hata unafungwaje.

Yule kijana wa Dar es Salaam akalichukua, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Akaonyesha pale rangi ya mninga ilipolika kwa kuegemewa na mkono. "Mzee, mikono yako haifiki hapa," akasema. "Aliyepachakaza hapa ni mtu wa kushoto. Hili lilichongwa kwa ajili yake. Ni nani?"

Nikalitaja jina la mume wangu kwa sauti mpaka mlinzi akasimama. Sefu hakubisha. Alikuwa anaitazama ile spika, maana sauti ilikuwa bado inanguruma ndani yake, chini kwa chini. Mvua ilikuwa imeanza, akatoka nje bila kofia. Tangu siku ile hajagusa ala yoyote, na tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Gitaa nililibeba jioni ileile, ninalo mpaka leo. Nyuzi nimezitoa zote, na bado kuna jioni sakafu inaguna, nami nalisemea ovyo kama ninayegombana na mtu. Joakimu aliniuliza kama baba yake alimtaja. Nikamwambia ndiyo, alikutaja wewe kwanza. Uongo huo namdai Damiani, si Mungu.

Kwa hiyo wewe uliyebeba kitu cha marehemu kutoka msibani, kirudishe kwa wenyewe wangali hai, kabla marehemu mwenyewe hajakifuata. Na wewe mjane mwenzangu, ukiingia mahali ukamkuta wako anashughulika na kile alichokipenda, mwache amalize, utoke kimya kimya. Usimwulize habari za nyumbani.