Sauti ya Marehemu Niliyoitundika Juu ya Jiko

Mlalo nzima, kuanzia kanisani mpaka sokoni, hakuna mwanamke anayenizidi kwa kutengeneza vitu vilivyoharibika.

Sawa, nimeongeza chumvi.

Redio niliyoitengeneza mwaka juzi inashika stesheni moja tu, tena haizimiki mpaka uifunike blanketi. Pasi niliyoifunga waya upya ilizima umeme wa nyumba tatu, mojawapo ya mchungaji.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Mnasoma habari za fundi wa namna hiyo.

Naitwa Esteria. Miaka sabini na moja, darasa la saba, meno kumi na tisa na yote yako kazini. Haya nayaandika kwa simu, kidole kimoja, miwani imefungwa kwa uzi. Yalinikuta mwaka huu, mwezi wa nane.

Siku hiyo nilikuwa Lushoto mjini, nimekaa kwenye benchi kwa Issa, fundi kompyuta. Issa ni mtu mzima, ana watoto wanne, na mama yake nililima naye bonde moja. Akaipindua kompyuta ya marehemu mume wangu, akafungua skrubu za chini, akainua kifuniko.

Ikadondoka punje ya mahindi.

Punje nzima, nyeupe, kavu. Ikagonga meza, ikabingirika, ikasimama mbele yangu kama inanijua.

Issa akaniangalia. Mimi nikaangalia barabarani.

"Bibi, hii imeingiaje humu?"

"Panya," nikasema.

"Panya ana bisibisi?"

Hapo ndipo kilipoanza kunuka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mume wangu Mika alikuwa mwalimu wa kwaya hapa kwetu miaka thelathini na mbili. Mtu mrefu, mpole, sauti yake ya chini kabisa, ukikaa naye benchi moja kanisani unaisikia kwenye mbao. Mwaka juzi ikaanza kukwaruza. Tukadhani mafua. Hospitali wakatupa jina refu la ugonjwa, ila maana yake ilikuwa fupi.

Tuna mjukuu mmoja wa kike, Janeth, wa binti yetu Yunis. Tulimlea sisi mpaka akafika umri wa shule, kisha mama yake akamchukua kwenda naye Tanga. Huyo mtoto na Mika walikuwa kitu kimoja. Akilia, Mika anamtembeza kwenye matuta ya maharage mpaka anyamaze.

Sasa, katika ukoo wa Mika, binti akiolewa, babu ndiye anampa maneno ya mwisho kabla hajavuka mlango. Baba anangoja, mchungaji anangoja, hata gari linangoja. Babu anaongea, ndipo binti anatoka.

Mika akapiga hesabu zake akaona harusi ya Janeth hataifikia.

Siku moja akaichukua kompyuta ya kukunja aliyokuwa ameachiwa na Yunis, akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Mvua ilikuwa inapiga bati, husikii kitu. Mimi niko upande wa pili wa ukuta nachambua maharage. Meza yake imegusana na ukuta, basi nikawa nasikia anaigonga kwa kidole. Ko. Ko. Ko. Nikajua mashine inamsumbua. Nikatamani niingie na kisu changu nimsaidie.

Akatoka macho mekundu.

"Imo humu," akaninong'oneza, maana sauti iliyombakia ilikuwa hiyo tu. "Ni ya Janeth. Usiisikilize kabla yake."

Wiki tatu baadaye tukamzika.

Na mimi sikuisikiliza. Wanangu, katika miaka arobaini na minne ya ndoa, hilo ndilo jambo pekee aliloniambia Mika nikalitii.

Baada ya matanga Yunis akanipa flashi mpya, bado iko kwenye pakiti yake.

"Mama, hiyo sauti iko sehemu moja tu. Mpelekee Issa akutolee nakala."

"Sawa mwanangu."

Sikupeleka.

Msinicheke, nilikuwa na sababu. Huku kwetu kitu kikishaingia kwenye flashi hakina mwenyewe. Leo kwa fundi, kesho kwenye memori kadi, keshokutwa bodaboda wote wa Mlalo wanakisikiliza wakipanda mlima. Nikajiuliza, maneno ya mume wangu kwa mjukuu wake yakapige kelele kwenye spika ya pikipiki? Thubutu!

Yunis akapiga simu. "Mama, umetoa nakala?"

"Nimetoa. Mbili."

Kwa nini nilisema mbili sijui. Moja niliiona kama itakuwa mpweke.

Ukaja msimu wa baridi. Mnaoishi huku mnaujua ukungu wetu. Unaingia ndani bila hodi na unakaa. Viatu vinaota kuvu kabatini, Biblia inavimba, chumvi inakuwa uji. Nikaiangalia ile kompyuta juu ya meza, nikaona unyevu umeanza kutambaa kwenye kioo.

Na wezi je? Jirani yangu Beatha walimwibia runinga mchana kweupe, yuko shambani anapalilia.

Nikakumbuka jambo alilowahi kuniambia Issa nilipompelekea redio yangu: "Bibi, kompyuta ni sanduku tu. Kila kitu kinakaa kwenye diski."

Akili ikanijia. Kumbe sanduku waibe tu! Diski ndiyo ya kufichwa.

Nikachukua kisu cha mezani, nikafungua skrubu za chini moja moja, nikazipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio. Diski nikaiona, kama kitabu kidogo cha bati. Nikaitoa taratibu kama mkunga.

Kwa juu ina kitundu kidogo, na maandishi ya Kiingereza pembeni. Kiingereza changu ni cha darasa la saba la zamani. Nikaona pameandikwa usifanye. Usifanye nini, hapo ndipo Kiingereza changu kilipoishia. Nikaona kitundu kina kama karatasi ndani, nikasema kimeziba. Nikakizibua kwa sindano. Ipumue.

Kisha nikaiweka mahali ambapo mama yangu, na mama yake, waliweka kila kitu ambacho hawakutaka kukipoteza.

Darini, juu ya jiko la kuni.

Huko ndiko ninakoweka mbegu. Mahindi ya kupanda, maharage ya kupanda, yote yanatundikwa pale yapigwe na moshi. Wadudu hawagusi, unyevu hausogei, mwizi hana habari. Mbegu ya miaka miwili ukiipanda inaota. Nikaifunga diski kwenye kipande cha kitenge, nikaizika ndani ya kopo la mbegu, nikalitundika. Kila nikipika namwangalia Mika juu pale.

"Uko salama mzee," namwambia. "Kula moshi."

Miezi kumi na moja.

Mwezi wa nane huu Yunis akanipigia: harusi ya Janeth ni Jumamosi ya tarehe kumi na sita, atatokea hapa hapa Mlalo, kwenye mlango wa babu yake. Nikashusha kopo. Diski nyeusi kama sufuria ya makande. Nikaipangusa, nikairudisha kwa kisu, skrubu zikabaki mbili, nikazitia mfukoni. Nikawasha.

Tik. Tik. Tik. Basi.

Ndiyo nikaishia kwa Issa, na punje ya mahindi mezani.

"Bibi," akasema tena, taratibu, "kompyuta ilikuwa wapi?"

"Kabatini."

Akapitisha kidole kwenye diski, akanionyesha. Masizi.

"Kabati lako mnapikia ndani yake?"

Basi nikamwambia. Nilipofika kwenye sindano akaweka bisibisi chini.

"Huko darini moto unafika kiasi gani?"

"Moto wa kuivisha maharage."

"Kila siku?"

"Issa mwanangu, sisi tunakula kila siku."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo yameharibika, maana Issa ni mtu wa kucheka.

Alihangaika nayo siku mbili. Alimtumia picha mwenzake wa Dar es Salaam, wakaongea kwenye simu lugha yao. Siku ya tatu akaniita, akaifungua ile diski mbele yangu. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo. Ningeweza kujisuka nywele pale. Lakini imechimbwa duara jeusi kuzunguka, kama njia ya ng'ombe kwenye majani.

"Sauti ilikaa hapa," Issa akasema, akionyesha lile duara. "Vumbi na masizi vilipita kwenye kitundu, na ulipowasha vikasagana. Sio kwamba imejificha, Bibi. Imefutika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Hata akikohoa tu?"

Akatikisa kichwa.

"Nakala je? Yunis alisema ulitoa."

Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikaitoa ile flashi. Iko kwenye pakiti, haijachanwa. Tukaiangalia wote wawili. Issa akainuka akaenda kuninunulia chai, na nadhani alikwenda ili nisimwone uso.

Haya, somo nawapa hapa hapa, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sitakuwa na hamu ya kumfundisha mtu.

Kitu cha kwenye kompyuta si mbegu. Mbegu unaificha sehemu moja inakungoja. Hiki ukikificha sehemu moja umeshakizika. Toa nakala mbili, ziweke kwenye nyumba mbili, na kila baada ya muda zifungue uone kama bado zipo. Ukiogopa watu wasisikie, mwambie fundi aweke neno la siri. Issa aliniambia hilo linawezekana na halichukui hata dakika tano. Ningejua! Na ukiona kitundu, mkono wako ukae mbali.

Sasa Jumamosi.

Asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Kwaya ya Mika imevaa sare, wapo chini ya turubai. Vigelegele. Chumbani tuko watatu, mlango umefungwa: mimi, Yunis, na Janeth ndani ya gauni lake jeupe, amekaa kwenye kiti kile kile cha babu yake, mbele ya meza ile ile.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke wa mtu."

Akatabasamu. "Nimesubiri leo mwaka mzima. Sijalala kwa ajili ya hii, si kwa ajili ya harusi."

Yunis akanyoosha mkono. "Mama, lete flashi. Spika hii hapa."

"Kompyuta iliharibika," nikasema.

"Najua, Issa kaniambia imekufa. Lakini nakala unazo."

"Zilikuwa humo humo."

"Nakala zote mbili?"

"Zote."

"Ndani ya kompyuta ile ile?"

"Yunis, mimi ni darasa la saba."

Nikamwona mjukuu wangu anaanza kukunjamana kwenye lile gauni, kama nguo inayotolewa maji. Huko nje gari limeshawashwa. Babu anaongea, ndipo binti anatoka. Na babu sikuwa naye.

Basi nikafanya nilichofanya.

"Msilie," nikasema. "Nitawaambia siri. Mika alinikataza, lakini mnanijua. Niliisikiliza. Kila Jumapili baada ya ibada. Naijua yote, neno kwa neno."

Yunis akashusha pumzi. "Mama wewe! Mungu akubariki na utundu wako."

Nikakaa sawa. Nikaishusha sauti ikakwaruza kama yake ya mwisho.

"Janeth mjukuu wangu. Leo unavuka mlango huu na mimi sipo, lakini nipo. Nilikutembeza kwenye matuta ukiwa unalia, sasa yupo mwingine wa kukutembeza. Mheshimu mumeo, naye akuheshimu. Msilale mmenuniana. Ukikwama, rudi, mlango huu hauna kufuli kwako." Nikaona inakwenda vizuri, nikajisahau. "Na bibi yako umtunze. Amenivumilia sana. Kila Krismasi umletee kitenge, cha wax, si vile vinavyochuja."

Yunis alikuwa analia kwa nguvu. "Ndivyo alivyokuwa anaongea," akasema. "Ndiyo yeye kabisa."

Janeth hakulia.

Alikuwa ameinamisha kichwa, na kidole chake kimoja kinagonga meza, polepole. Ko. Ko. Ko.

"Bibi."

"Naam mwanangu."

"Hiyo ndiyo yote aliyosema?"

"Yote. Neno kwa neno."

Akaendelea kugonga kidogo, kisha akaacha.

"Siku aliyorekodi, babu alinipigia simu jioni," akasema. "Nilikuwa simsikii vizuri, sauti imeisha. Alisema amejaribu kuniaga mara nne, kila akianza analia, akaona hataweza. Kwa hiyo ameacha. Akasema katunga kitu cha kwangu peke yangu, hajamfundisha mtu yeyote, hata kwaya, hata wewe. Nikamwomba anionjeshe kidogo kwenye simu, akakataa. Akasema ningoje siku yangu."

Akainua macho.

"Babu hakusema neno hata moja, Bibi. Aliimba."