Jiwe la Kulizuia Jua

Nilipokuwa mtoto, kimo changu kikiishia kiunoni mwa Dani, nyanya yangu mzaa baba, siku moja ilikuwa ndefu kuliko mwaka wangu wa sasa. Sisemi uongo. Siku hizi naambiwa Krismasi imefika tena, nabaki mdomo wazi.

Kwetu, karibu na Kisegi, msafiri aliyehofia giza aliweka jiwe kwenye panda ya mti ili jua limngoje. Dani alishikilia kwamba jiwe liwekwe na mtoto.

"Jua humngoja mdogo," alisema. "Mwangalie nzi. Mkono wako anauona ukija taratibu kama mzee mwenye mkongojo. Utampiga saa ngapi?"

Alasiri moja ikaja habari kwamba dada yake hajiwezi na anamwita. Dani alitaka kumkuta angali anasema. Tukatoka kwa miguu, na kila tulipopita mti wenye panda aliniinua, nikaweka jiwe.

Lo, njia ile! Miba, njaa, na jua limeganda palepale.

"Dani, bado?"

"Bado. Tembea."

Niliamini ni mawe yangu yanayonitesa. Kwenye mti wa tatu, Dani alipogeuka kuendelea, nililiangusha jiwe kwa fimbo. Nilitaka jua lizame tupumzike, basi.

Tulifika giza limeshaingia, vilio vikatupokea langoni. Dani aliketi chini, palepale kwenye vumbi. "Nimechelewa," alisema. Nilimeza siri ile, ikanikaa kooni miaka na miaka.

Nilimwambia nilipokaribia kuolewa. Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakawa ya kweli.

"Mjukuu wangu, wewe uliona limesimama. Mimi nililiona likikimbia tangu tulipofunga mlango. Jiwe lako lina kosa gani?"

Nilifarijika, ila sikumwelewa. Nimemwelewa mwaka huu, nikiwa kwenye bodaboda kutoka Kendu Bay, nikimkimbilia dada yangu aliye mahututi. Jua lilikuwa linaporomoka. Nikamwambia kijana asimame.

"Mathe, si umesema tuharakishe?"

"Ngoja kidogo tu, mwanangu."

Niliokota jiwe, nikalipachika kwenye panda ya mti kando ya barabara. Mkono wangu ulifika wenyewe, bila mtu kuniinua. Hapo nikajua kwamba jua halitaningoja.

Nililiacha jiwe palepale, nikapanda pikipiki.